Ahadi ya Muuzaji Ipimwe Kwenye Oda

Wafanyakazi wanaoshuka matatu asubuhi Changamwe, Mombasa, kuingia viwanda vya EPZ, vinavyoshona nguo za kuuza nje, hawashoni nguo nzima. Mmoja anashona kola, wa pili zipu, wa tatu pindo, na msimamizi anapita akihesabu tageti ya saa. Mtindo ukibadilika, laini yote hupunguza mwendo kwa sababu mikono haijauzoea, na hupita siku kadhaa kabla hesabu haijapanda tena. Oda ikiwa ndogo, kazi huisha pale pale mikono inapoanza kushika kasi. Gharama hiyo lazima mtu ailipe, na mnunuzi asipoilipa yeye, hulipwa na fundi kwa ovataimu.

Ndiyo maana napenda kuisoma ahadi ya "mitindo ya haki" kwenye masharti ya oda. Mfano mzuri ni ASOS, muuzaji wa mtandaoni kutoka London mwenye mamia ya chapa katika duka lake. Amejaribu kuitimiza ahadi hiyo kwa njia mbili tofauti kabisa.

Ya kwanza iko jirani yetu. Ukipanda barabara ya Nairobi kutoka Changamwe, ukapita Mazeras, Mariakani, Taru na Mackinnon Road, unakaribia Maungu, na huko Rukinga ndiko kiliko kiwanda cha SOKO Kenya, kilichoanzishwa na Joanna Maiden mwaka 2009. Ni eneo kame la Kasigau, ambako kazi za mshahara ni chache na kuchoma makaa ni kishawishi cha kila siku. ASOS ilianza kutoa nguo zilizoshonwa na SOKO mwaka 2010, na mkusanyo huo ukaja kujulikana kama Made in Kenya. Ushirikiano ulidumu zaidi ya miaka kumi.

Ulidumuje? Kwa maoni yangu, jibu limo ndani ya nguo zenyewe. Mvuto wake mkubwa ulikuwa kwenye michoro ya kitambaa na rangi kali, huku mikato mingi ikiwa rahisi. Mchoro mpya haumwongezei fundi hata mshono mmoja. Anashona gauni ambalo mkono wake unalijua, na mteja wa London anaona nguo mpya. Mbunifu akifikiri hivyo, kiwanda kidogo kinaweza kuishi na oda ndogo. Juu ya hapo kukawa na Stitching Academy, mafunzo ya ushonaji kwa wenyeji, ili mafundi wasitafutwe mbali. Hata mabaki ya mezani yalipata kazi. Kwa kawaida inakadiriwa kwamba asilimia 15 hivi ya kitambaa hubaki baada ya kukata, kwa kuwa mikono na makwapa ya nguo hayapangiki bila mianya. Rukinga vipande hivyo vilishonwa kuwa sodo za kufua kwa ajili ya wasichana wa shule, chini ya mradi wa Kujuwa.

Njia ya pili ilikuwa Responsible Edit, kichujio kwenye tovuti. Bonyeza, uone nguo zilizotajwa kuwa rafiki wa mazingira. Julai 2022 mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, ilianza kuichunguza ASOS pamoja na Boohoo na George ya Asda. Miongoni mwa hofu zake ni kwamba vigezo vya mikusanyo ya aina hii vilikuwa vilegevu, kiasi kwamba baadhi ya nguo zingeweza kuingizwa zikiwa na asilimia 20 tu ya kitambaa kilichorejelezwa. Machi 2024 kampuni zote tatu zilitia saini ahadi rasmi za kutumia lugha iliyo wazi na vigezo vinavyoonekana.

Kichujio huchagua kati ya nguo ambazo tayari zimenunuliwa, na hakuna fundi ambaye siku yake imebadilika kwa sababu yake. Oda ya Rukinga ilibadilisha siku ya kazi, ingawa ni haki kusema ilikuwa tone katika bahari ya bidhaa za muuzaji huyo.

Changamwe imejengwa kwa hesabu nyingine. Sheria ya EPZ ya 1990, kisha AGOA, sheria ya Marekani ya kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, mwaka 2000, ziliruhusu kitambaa cha Asia kishuke bandari ya Kilindini, kishonwe, kipakiwe tena melini. Lamu inalima pamba, lakini nyingi ya nguo zetu za kuuza nje hazina hata uzi wake. Hilo linaniuma, na mnunuzi mmoja hawezi kulitengeneza kwa msimu mmoja.

Analoweza ni kuja Changamwe na oda ya misimu minne, bei inayohesabu siku za kujifunza mtindo mpya, na tarehe ya meli isiyolazimisha kazi ya Jumapili. Masharti hayo yakiandikwa kwenye mkataba, chama cha wafanyakazi nacho kitakuwa na karatasi ya kuweka mezani siku ya mvutano.