Sehemu, Kipande na Piyesi: Neno Moja la Kiingereza Mbele ya Kiswahili

Neno la Kiingereza "part" lina asili ya Kilatini, "pars". Kamusi hulitafsiri kwanza kwa neno "sehemu". Tafsiri hiyo si kosa, ila haitoshelezi.

"Sehemu" limetokana na Kiarabu "sahm", lenye maana ya mshale na pia ya fungu la mtu katika mgawo. Kwa asili yake, basi, sehemu ni haki ya anayegawiwa. "Kipande" ni kilichokatwa. "Fungu" lahusiana na kufunga, na "kiungo" na kuunga. Kila neno laeleza uhusiano wake na kitu kizima: kugawa, kukata, kufunga, kuunga. Historia nayo huongeza maana. Nchini Kenya, kuanzia miaka ya 1920, "kipande" kilikuwa cheti ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kutembea nacho. Mfasiri asiyejua hayo atakosea.

Suala hili huwa zito zaidi linapofika Lusangi, katika eneo la Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema. Kiswahili kilifika huko katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara, nacho kikaitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Mwaka 1928 Whitehead alichapisha huko Kongo mwongozo wa Kingwana. Mwaka huohuo mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, Kongo haikuwamo.

Matokeo yake yaonekana hata kwa fundi wa magari. Tanzania na Kenya husema "spea", kutokana na Kiingereza; Kongo, ambako Kifaransa ni lugha ya ofisi, hutumia "piyesi", kutokana na "pièce". Maneno yote mawili ni ya mkopo, na yote yamefuata matamshi ya Kibantu. Hata hivyo, la kwanza limezoeleka, ilhali la pili huhesabiwa kuwa uharibifu wa lugha. Hukumu hiyo haina msingi wa kiisimu. Yafuata tu mipaka iliyochorwa na wakoloni.

"Kipuri" laweza kuwa neno la pamoja, mradi halitumiwi kumnyamazisha msemaji wa Kasongo. Kamusi inayodai kuwa ya Waswahili wote haina budi kumpa naye sehemu yake, kwa maana ile ya asili: haki katika mgawo.