Jalada Linalolala Chali

Jarida la filamu likipangwa, jina lake hukaa juu. Sababu yake ni ya kibiashara tu: kwenye rafu za duka la magazeti jarida moja hulifunika jingine, na kinachobaki kuonekana ni ukanda wa juu na pengine ukingo wa kushoto. Toleo la kwanza la Cahiers du cinéma, lililotoka Paris mwezi Aprili 1951, lilikuwa na jalada la njano na picha moja kutoka filamu ya Sunset Boulevard. Ile njano unaitambua kabla hujasoma neno. Filmfare la Bombay, lililoanza 1952, likajenga jina lake kwa nyuso za nyota. Majarida hayo mawili hayafanani kwa lolote, isipokuwa kwamba waliyoyapanga walijua yatasimama wapi.

Mtinko jarida halisimami popote. Kwetu, kwenye barabara ya Singida kwenda Haydom, ukishapita Ilongero, bidhaa za karatasi hulala chali. Siku ya mnada makasha ya filamu hupangwa juu ya turubai, jirani na viatu vya mtumba na madumu ya mafuta ya alizeti, na karibu kila kasha limewekewa kijiwe pembeni maana upepo wa Singida hauna adabu na vitu vyepesi. Mnunuzi amesimama, kasha liko chini miguuni pake, jua liko utosini. Hakuna linalomfunika mwenzake. Hapo ile kanuni ya jina juu imekufa, na anayepanga jalada lazima aanze upya.

Nimelazimika kuyafikiria haya kwa sababu jarida letu la wanafunzi linaandaa toleo kuhusu watu wanaotazama filamu nje ya Dar es Salaam, na kazi ya kupanga jalada nimepewa mimi. Niko mwaka wa pili wa uzamili, nasomea filamu, na kwa muda wote huo nimesikia majalada ya Bongo muvi yakitajwa darasani kwa kusudi moja tu, kuchekesha. Vichwa vikubwa, moto nyuma, herufi zinazong'aa. Hata maneno yenyewe tumeyagawa kitabaka: kitabu na jarida vina jalada, sinema ya Kariakoo ina kava. (Polisi na mahakamani nako kuna jalada, na huko nako hakuna anayecheka.) Nilipokwenda nyumbani likizo nikachukua daftari, nikasimama mbele ya turubai mnadani, nikaanza kuyasoma makava kama kazi za watu wenye akili.

Anza na vichwa. Mtu aliyesimama akitazama kitu kilicho ardhini, kikubwa kama kiganja na nusu, hawezi kuona mandhari ndani yake. Anaona uso, na uso wenyewe uwe umejaza nafasi. Kisha herufi: njano yenye ukingo mwekundu, na nje yake ukingo mwingine mweupe au mweusi. Mwalimu wangu mmoja huita mtindo huo uchafu. Lakini kasha la DVD limevikwa plastiki, na plastiki saa saba mchana hugeuka kioo. Herufi nyembamba nyeupe zilizokaa kwa unyenyekevu kwenye kona humezwa na mwako, zile zenye kingo mbili zinabaki. Nililijaribu hili kwa kulaza kasha la filamu ya tamasha, lenye jalada la kistaarabu kabisa, katikati ya makava mengine. Nikarudi nyuma hatua mbili. Lilikuwa mraba wa kijivu.

Kwa hiyo wale wapangaji wa Kariakoo, ambao majina yao huwa hatuyaoni popote, walikuwa wanasanifu kwa ajili ya jua, vumbi na umbali wa macho ya mtu mzima aliyesimama. Walijua pia kwamba mteja hanunui hadithi, ananunua mtu. Ukimuuliza muuzaji, hakupi jina la filamu. Nilimuuliza kijana wa turubai anapangaje makasha yake, akanionyesha kwa kidole: "Dada, hapa ni Kanumba, hapa Ray, hawa Wahindi, hawa wa ngumi." Maktaba yake imepangwa kwa nyuso, na kava limetengenezwa liingie kwenye mpango huo moja kwa moja.

Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, na bado ana safu yake kwenye turubai la Mtinko. Alikuwa mtu wa Shinyanga, karibu jirani yetu. Ukitazama majina ya filamu zake, This Is It, Devil Kingdom, unaona shughuli nyingine ya kava: jina limeandikwa Kiingereza ilhali ndani watu wanazungumza Kiswahili. Wengi huliona hilo kuwa ni kasumba. Mimi naona jina lile halikukusudiwa kusomwa. Ni pambo, kama maandishi ya Kiingereza kwenye fulana. Linasema filamu hii ni ya daraja la zile zinazotoka nje. Uso unasema nani, jina linasema hadhi, na kazi imekwisha. Kwa vipimo vya biashara sioni pa kuikosoa.

Pa kuikosoa ni nyuma ya kichwa. Katika makava haya watu wamekatwa kutoka mahali walipopigiwa picha, wakabandikwa mahali pengine: jumba la ghorofa lenye nguzo, gari jeupe, mawingu, miali ya moto. Filamu yenyewe ukiitazama imechezwa sebuleni kwa mtu Sinza, kwenye uchochoro, barazani, mahali unapopajua. Kava linapafuta. Nilihesabu makasha 40 mfululizo nikitafuta mahali pamoja halisi panapoweza kutajwa jina, barabara au mlima au hata ukuta wenye tangazo la fundi. Sikupata. Sanaa inayojua hivi kuutendea haki uso wa Mtanzania haikuthubutu kumwacha asimame kwao.

Tabia hii ina ukoo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 Afrika Mashariki ilisoma African Film, jarida la kampuni ya Drum lililokuwa na neno filamu kwenye jina lakini ndani hamna filamu, bali hadithi za picha mnato zenye maneno ndani ya viputo. Steringi wake alikuwa Lance Spearman, mpelelezi mwenye kofia na tai ya kipepeo. Picha zilipigwa kusini mwa Afrika, ila jiji lake halikuwa la nchi yoyote, na ndiyo maana lilimtosha msomaji wa Lagos na wa Nairobi sawasawa. Kwetu Faraji Katalambula, yule wa Simu ya Kifo (1965), naye alihusika na jarida la picha za namna hiyo, Film Tanzania. Jina la nchi liko pale pale juu ya jalada. Mimi ninapolifikiria jina hilo naona dai ambalo makava ya baadaye yaliliacha: kwamba filamu inaweza kuwa na anwani.

Upande wa pili wapo waliodai mahali, lakini mahali pamoja tu. Tamasha la Filamu la Zanzibar, lililoanza 1998, lilijiita la nchi za jahazi na tuzo yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Ni alama nzuri na ni ya haki, kwa Zanzibar. Filamu kama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, ni ya Unguja ya miaka ya 1950 na bahari inastahili kuwamo. Tatizo ni letu tunaopanga majarida Dar es Salaam: tukitaka picha ya kusema "filamu ya Tanzania", mkono unakwenda wenyewe kwenye tanga na mnazi. Mtinko ina mawe makubwa ya kijivu, mashamba ya alizeti na vitunguu, na watu wanaokwenda kutazama picha jioni. Hakuna anayeona sinema humo.

Sasa nifike kwenye ugomvi wetu. Kamati ilikuwa na picha tayari, nzuri kwa ufundi: watoto sita au saba ndani ya banda la video, giza, mwanga wa televisheni usoni, midomo wazi, mmoja shati limepasuka begani. Wote walioiona walisema hilo ndilo jalada. Mimi nilikataa, na sababu zangu naziandika hapa kwa sababu kwenye kikao zilichukuliwa kuwa ni wivu wa mtu wa nyumbani.

Picha hiyo imeonekana mara nyingi mno. Wakitaka kuonyesha sinema imefika mbali, wanampiga picha mtazamaji akishangaa, na televisheni yenyewe haionekani. Hatujui watoto wanatazama nini, kwa hiyo hatuwezi kujua kama wanashangaa, wanacheka au wameboreka. Wao ndio wanakuwa filamu, na msomaji wa Dar es Salaam anakuwa mtazamaji. Kava la Kariakoo, pamoja na moto wake wa bandia, halijawahi kumfanyia mtu hivyo: uso uliomo kwenye kava ni wa mtu aliyekubali kutazamwa na ambaye jina lake limeandikwa chini. Hawa watoto hawakuulizwa, wala wazazi wao. Mtu akiniambia picha inagusa moyo, namuuliza moyo unaguswa kuhusu nini. Shati.

Mimi napendekeza ubao.

Nje ya banda kuna ubao mweusi ulioegemezwa ukutani, umeandikwa kwa chaki, na huandikwa upya kila siku. Nimeupiga picha siku 11. Neno kubwa kuliko yote, tena mstari wa kwanza, huwa ni IMETAFSIRIWA. Maana yake picha la Kichina, la Kihindi au la Marekani limewekewa sauti ya msimulizi wa Kiswahili, mtu wa aina ya Lufufu au DJ Mark, anayeeleza, anayetania na anayemsema adui kabla steringi hajamfikia. Chini yake huja aina: KIVITA, NGUMI, MAPENZI. Kisha jina la mchezaji, likiandikwa linavyosikika. Jina la filamu mara nyingi halipo kabisa. Mwisho saa na kiingilio, na upande wa kulia, ndani ya kiboksi, mechi za mpira za wikendi.

Tazama mpangilio huo. Mwenye banda anajua kitu ambacho wapangaji wa makava hawakukithubutu: kwa mteja wake lugha ndiyo nyota. Hadhi yote ambayo kava limeiweka kwenye Kiingereza, ubao umeiweka kwenye Kiswahili, kwa herufi kubwa, na watu wanalipa kwa sababu yake. Isitoshe, ubao hauwezi kukatwa na kubandikwa penginepo. Ukiupiga picha unapata na ukuta wa tofali za kuchoma, na vumbi, na kivuli cha mti, na saa ya siku. Anwani imo.

Na haraka ipo. Turubai la makasha linapungua kila nikirudi. Pembeni yake sasa yuko mtu mwenye laptop na spika, anakuingizia picha kwenye flashi au simu. Unachoona ni orodha ya mafaili, mengine yana namba tupu. Hapo hakuna kava la kucheka wala la kusifu. Filamu inafika bila uso, na mteja anamtegemea muuzaji amsimulie kwa mdomo. Ubao umebaki karibu peke yake katika kazi ya kuitangaza picha kwa maandishi.

Mpango wangu ni huu: picha ya ubao ijaze jalada lote, imepigwa saa tisa, jua la ubavu, chaki ionekane punje. Jina la jarida lishuke chini, kwa njano yenye ukingo mweusi mnene, kama kava, kwa sababu nakala zetu nyingi hazitaona rafu. Karatasi isipigwe plastiki; ikilala mnadani isigeuke kioo. Vichwa vya makala visiwepo mbele hata kimoja, maana ubao tayari una maandishi ya kutosha na maandishi mawili yakigombana msomaji huyaacha yote. Mhariri wa kurasa analalamika kwamba jalada bila uso haliuzi. Anaweza kuwa sahihi kwa Mlimani. Namjibu kwamba mwandiko wa mtu una uso wa kutosha, naye hajaridhika.

Mwenye banda nilimwomba ruhusa nikiwa na picha zilizochapwa mkononi. Alizitazama zote, akatoa tatu. "Hizi hapana mwanangu, siku hiyo niliandika nikiwa na haraka." Kwa hiyo ataandika ubao mwingine kwa ajili ya jalada, kwa chaki mpya, na jina la banda lake liwepo juu, kwa masharti kwamba mechi zisifutwe. Kwenye kamati wanataka zifutwe: wanasema toleo ni la filamu, na mechi za mwezi uliopita zitalifanya jarida lionekane limechacha. Nimewaambia kiboksi kinabaki. Bila mpira banda lile lingekuwa limefungwa zamani, na mtu yeyote wa Mtinko akiona ubao usio na mechi atajua mara moja kwamba umeandikwa kwa ajili ya wageni.