Samu na Khali: Tatizo la Kuieleza Tala ya Muziki wa Kihindustani kwa Kiswahili

Maelezo ya tala, yaani mfumo wa midundo katika muziki wa jadi wa Kaskazini mwa India, aghalabu huanza na hesabu. Tintali ina mapigo 16 katika mafungu manne yaliyo sawa. Japtali ina 10, kwa mpangilio wa 2+3+2+3. Rupaki ina 7, kwa mpangilio wa 3+2+2. Hesabu hizi ni sahihi. Upungufu wake ni kuichukulia tala kuwa kipimo cha urefu tu, ilhali mapigo yake hayana hadhi sawa.

Anayeiandika tintali kwa noti za Kimagharibi, vipimo vinne vya 4/4, hapotezi pigo lolote, hupoteza khali. Makofi hupigwa kwenye pigo la 1, la 5 na la 13. Kwenye la 9 mkono hupungwa kimya. Hiyo ndiyo khali, yaani pigo tupu. Kisha sauti nzito ya ngoma ya kushoto ya tabla huondolewa, na kurejea mapigo machache kabla ya samu, pigo la kwanza. Kwa njia hiyo msikilizaji hutambua alipo bila kuhesabu. Aidha tihai, kifungu kinachorudiwa mara tatu, kwa kawaida hulengwa kikomee kwenye samu, si kwenye pigo la 16. Samu hufunga duru iliyopita na papo hapo kufungua inayofuata.

Hata hivyo, kuifasili samu kuwa "pigo zito" hakutoshi. Katika rupaki, samu yenyewe ni khali. Kinachoitambulisha ni nafasi yake katika duru, wala si nguvu ya sauti.

Hapa ndipo neno "mizani" linapopotosha. Katika ushairi wa Kiswahili, mizani ni idadi ya silabi, kisichotamkwa hakihesabiwi. Katika tala, pigo lisilosikika huhesabiwa, na pengine ndilo linaloongoza mengine. Kuita tala mizani ni kuingiza katika kamusi na mitaala kosa ambalo mwanafunzi hatalitambua kwa urahisi.

Njia iliyo salama zaidi ni kuyakopa maneno tala, samu na khali, kisha kuifasili tala kuwa duru ya mapigo yenye nafasi zinazotofautiana kihadhi. Istilahi hukopwa bila aibu pale ambapo neno la nyumbani tayari lina kazi nyingine.