Mgeni na Mwenyeji katika Fasihi ya Ng'ambo ya Mvita

Tahakiki nyingi za fasihi ya Mombasa huanza na kuishia kisiwani. Muyaka bin Haji husomwa kama sauti ya Mvita, mji-dola uliotajirika kwa biashara ya bahari, na ni haki asomwe hivyo. Hata hivyo, mji huo haukuwa wa watu wa asili moja. Thenashara Taifa ziligawanyika kuwa Tisa Taifa na Thelatha Taifa, na kila upande ulikuwa na marafiki zake miongoni mwa Wamijikenda. Changamwe, ambayo msomaji wa leo huihusisha na malori na matangi ya mafuta, ni jina la mojawapo ya Thelatha Taifa. Mpango huo haukuwa wa usawa, kwani watumwa hawakuwa na taifa lolote la kuwasemea, lakini ulikiri kwamba kisiwa hakikai bila ng'ambo yake.

Uhuru wa Watumwa (1934) ni kitabu cha ng'ambo hiyo. Mwandishi wake, James Mbotela, alikuwa mtoto wa Freretown, Kisauni, makazi yaliyoanzishwa na Church Missionary Society katika miaka ya 1870 ili kuwapokea watumwa waliokombolewa baharini. Wahakiki wamekilaumu kwa kumtukuza Mwingereza na kumtwika Mwarabu mzigo wote wa utumwa. Lawama hiyo ina msingi. Shukrani imeitawala simulizi hadi imeifunika migogoro ya makazi yenyewe. Lakini wanaoishia hapo wanakipunja kitabu. Wayao, Wamakua na wengineo walitupwa pwani moja pasipo lugha ya pamoja, wakakutana na Waafrika waliosomeshwa Nasik, India. Hapakuwa na mwenyeji miongoni mwao. Kizazi kimoja baadaye, mtoto wao anaisimulia safari hiyo kwa Kiswahili, wala si kwa lugha ya wazazi. Kwa Mbotela, mgeni amekuwa mwenyeji wa lugha kabla ya kuwa mwenyeji wa ardhi.

Walenisi (1995) ya Katama Mkangi inalikabili suala hilo kwa njia ya istiari. Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anarushwa angani ndani ya chombo na kufika katika nchi ya neema na usawa. Jina la nchi ni sentensi kamili: wale ni sisi. Mkangi, mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alikuwa na sababu ya kuuona utengano wa kitabaka kuwa kiini cha maovu, na kejeli yake dhidi ya watawala ingali inachoma. Udhaifu wa riwaya umo katika huyo mgeni. Dzombo anafika peke yake, yu tayari kufunzwa, wala hagombanii na yeyote kiwanja wala kibarua cha bandarini. Nchi inayompokea mgeni wa namna hiyo haijajaribiwa.

Jaribio lilikuja nje ya riwaya. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na vijikaratasi vikawataka wabara wahame. Watu wasiopungua 100 waliuawa katika machafuko hayo, na maelfu wakakimbia makwao. Neno lenyewe, bara, linadai kuhakikiwa kama istilahi yoyote ya kifasihi. Mtu wa kisiwani akivuka kivuko cha Likoni husema amekwenda bara. Kwa wavamizi wa 1997, bara ilianzia mbali zaidi, na waliohesabiwa kuwa watu wake ni Wajaluo, Waluhya, Wakamba na Wakikuyu, pamoja na watoto wao waliozaliwa papo hapo Likoni. Wanasiasa walichochea, hilo halifichiki, ila walichochea juu ya manung'uniko ya kweli kuhusu ardhi na kazi. Vijikaratasi vilisambazwa katika ujirani ambao lugha yake ya sokoni ni Kiswahili. Basi imani ya Mbotela kuhusu lugha haikutosha, na sentensi ya Mkangi nayo ilibaki jina la nchi ya mbali.

Hata hivyo, Mkangi hakumwita mgeni wake kwa jina la kubuni tu. Dzombo ni kilima huko Kwale. Msomaji wa Kidigo hulisikia jina hilo kama la nyumbani. Jirani yake aliyetoka Kisumu hulisikia kama la shujaa tu, na riwaya inawaruhusu wote wawili wasome hivyo.