Elektrodi Nyingi, Harufu Moja

Katika milango yote ya fahamu, pua ndiyo iliyochelewa kueleweka, kwa kuwa harufu haipangiki kwa urefu wa mawimbi kama rangi, wala kwa kasi ya mtetemo kama sauti. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel walitangaza kwamba wamegundua familia kubwa ya jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu, yaani protini zinazonasa molekuli za kitu kinachonukia, na ugunduzi huo ukawapa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Sifa hizo walizistahili; hata hivyo, kipokezi ni mlango tu, na yanayotendeka baada ya harufu kupita mlangoni hapo yalikuwa yameshaanza kufuatiliwa na mafundi wa aina nyingine, ambao hawatajwi sana.

Chombo chao ni elektrodi, ambayo kwa umbo lake la kawaida ni waya mwembamba wa metali uliofunikwa kwa kihami na kuachwa wazi nchani tu, ili udake mabadiliko ya umeme ya seli za neva zilizo jirani. Kwa chombo cha namna hiyo Edgar Adrian wa Cambridge, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1942, alirekodi mawimbi yanayozuka katika ubongo wa kalunguyeye anaponusa. Lakini atakaye kuijua harufu kwa elektrodi moja ni sawa na atakaye kuujua wimbo wa taarabu kwa kusikiliza fidla moja, maana harufu moja huamsha seli nyingi mno kwa wakati mmoja.

Walter Freeman, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alizipanga elektrodi 64 katika safu nane za nane, akazilaza juu ya kivimbe cha kunusia, sehemu ya mbele ya ubongo inayopokea habari kutoka puani, katika sungura waliofunzwa kutambua harufu fulani. Ustadi wa kazi hii ulikuwa katika kuchuja, kwa sababu umeme wa ubongo ni hafifu kiasi kwamba msuli ukijikaza, au nyaya za ukutani zikivuma, huweza kumezwa wote. Baada ya kuchuja, Freeman aliona kwamba kila sungura alipovuta pumzi, wimbi la namna moja lilienea katika elektrodi zote, likiwa kubwa hapa na dogo pale, hata tofauti hizo zikaweza kuchorwa kama ramani ya vilima na mabonde. Hakuna elektrodi iliyokuwa na siri kuliko nyingine. Habari ilikaa katika mpangilio mzima.

Matokeo yaliyoshangaza zaidi yalihusu unga wa mbao. Sungura aliyeizoea harufu yake alikuwa na ramani yake mahususi. Alipofundishwa kuitambua harufu ya ndizi, kisha akarudishiwa unga uleule, ramani ya kwanza haikurudi, bali ilizuka mpya. Kwa hiyo kivimbe hicho hakikuwa kikinakili kilichomo hewani, bali kilieleza pia yale ambayo mnyama amejifunza, jambo ambalo kipokezi peke yake kisingeweza kulidhihirisha.

Tangu mwaka 2017 watafiti wana sindano za silikoni ziitwazo Neuropixels, zenye urefu wa sentimita moja na vituo 960, ambavyo 384 kati yake husomwa kwa pamoja, ingawa bado kuna kazi ndefu ya kutenganisha mapigo ya seli moja na ya jirani yake. Ni chombo cha ajabu. Hata hivyo, anayeupima ufundi huu kwa wingi wa vituo peke yake anakosea, kwani habari ya unga wa mbao ilipatikana kwa elektrodi 64 na kwa mtafiti aliyerudia harufu ambayo wengi wangedhani wameshamalizana nayo.