Kosa Lililogawanywa Vizuri

Mashine ya kukatia santuri huendesha kichwa chake kwa mstari mnyoofu, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Mkono unaoisoma santuri hiyo nyumbani hauendi hivyo. Umefungwa pembeni, unageukia pale pale ulipofungwa, na sindano yake huchora tao. Kati ya ule mstari na hili tao pana kosa ambalo pesa hailiondoi. Ipo mikono iliyoundwa kusafiri kwa mnyoofu, lakini nayo ina usumbufu wake, na wengi walioijaribu wamerudia tao. Fundi anayefunga mkono, basi, haji kufuta kosa. Anakuja kuligawa, kila sehemu ya santuri ibebe kiasi inachokiweza.

Hesabu za mgawo huo ni za zamani kuliko santuri tunazozicheza. Percy Wilson alikuwa akiziandika Uingereza mwaka 1924, enzi za gramafoni ya kupiga hendeli na sindano za chuma zilizotupwa baada ya kupiga upande mmoja. Mwaka 1938 Erik Löfgren wa Stockholm alitoa hesabu ambayo bado inatumika. Kichwa cha mkono kipindishwe kiasi, na sindano ivuke kidogo kile kijiti cha katikati ya sahani. Ukifanya hivyo, sindano hulala sawasawa na mfereji mahali pawili tu; kwa mpango unaopendwa zaidi, ni milimita 66 na milimita 121 kutoka katikati. Kwingine kote imepinda, ila kwenye santuri kubwa upindo huo hauzidi nyuzi 2.

Kazi hii huonekana vizuri zaidi kwenye mitambo iliyouzwa vipandevipande. Garrard 301, iliyoanza kutengenezwa Swindon mwaka 1954, ilikuja na mota na sahani yake nzito, basi. Sanduku ulijitafutia kwa seremala, na mkono ulijitafutia dukani. Wengi waliufunga SME 3009, mkono ulioanza mwaka 1959 katika karakana ya Alastair Robertson-Aikman, mtu wa kuunda vyuma vidogo ambaye mkono wa kwanza aliutengeneza kwa ajili ya starehe yake mwenyewe. Kwa kupanda na kushuka, mkono huo hauna beringi. Umekaa juu ya makali ya chuma kama mizani ya sonara, na ukiupuliza, unaitika.

Seremala hutoboa ubao kwa kufuata karatasi ya kiwanda, na tundu lenyewe si la duara bali la mviringo uliorefuka, kwa sababu kitako cha mkono lazima kiteleze. Hapa ndipo ninapompa heshima mbunifu. Katika mikono mingi, kuweka sindano mahali pake kunamaanisha kulegeza skurubu mbili ndogo za kichwani na kuisukuma katriji, kile kifaa kinachobeba sindano, mbele na nyuma huku ukiomba isigeuke upande. Katika SME kichwa kina matundu tu, katriji haina pa kwenda. Kinachosogea ni mkono mzima, na kitako chake, juu ya reli yake. Fundi huweka kadi ya vipimo kwenye sahani, huinama mpaka jicho liwe usawa wa sindano, kisha huusukuma mkono kwa kidole gumba. Skurubu mbili, na imekwisha.

Waya ndizo zinazopima tabia ya mtu. Ni nne, nyembamba kama unyoya: nyekundu na kijani za upande wa kulia, nyeupe na buluu za kushoto. Kila moja huishia kwenye kishikizo kidogo cha kuvisha pini ya katriji. Fundi mzuri hushika kishikizo kwa kibano, kamwe si waya, na kikimbana hukipanua kwanza kwa kijiti cha meno. Ukimwona mtu anakaribia pini za katriji na chuma cha kulehemu, mnyang'anye. Joto likishafika kwenye koili za ndani, umenunua pambo.

Baada ya hapo ni uzito. Mkono husawazishwa kwa uzito wa nyuma mpaka uelee, usipande wala kushuka, ndipo sindano ipewe gramu zake. Denon DL-103, iliyobuniwa kwa ajili ya redio ya Japani miaka ya 1960, hutaka gramu 2.5, na shina lake ni gumu. Haielewani na mkono mwepesi kama 3009, unaotaka katriji laini za gramu 1 au 1.5. Na wale wanaopunguza uzito wakidhani wanaihurumia santuri wanaiumiza. Sindano nyepesi kupita kiasi hurukaruka ndani ya mfereji na kuzichimba kuta zake.

Halafu kuna uzi. Kwa kuwa kichwa kimepindishwa, msuguano wa santuri huuvuta mkono kuelekea katikati, na sindano huuegemea ukuta wa ndani, wenye sauti ya kushoto. Ukuta wa nje hukosa mguso imara, na spika ya kulia huanza kukwaruza kwenye sauti kali. Dawa ya SME ni kijiwe kidogo kilichoning'inizwa kwa uzi wa nailoni, kikiuvuta mkono nje taratibu. Kitanzi cha uzi huo huingizwa kwenye ufito wenye mikato midogo, na kadiri unavyokipeleka mbali ndivyo mvuto unavyoongezeka. Ni kazi ya dakika moja kwa mwenye mkono mtulivu, na ya jioni nzima kwa mwingine.

Kuhusu kimo cha mkono, watu hugombana bure. Mkono uwe sambamba na santuri, kioo kidogo kikiwekwa juu ya sahani kioneshe kuwa kichwa hakijainama upande, yatosha. Kwa mkono wa milimita 229, ukiinua nyuma kwa milimita 4 nzima, umebadilisha pembe ya sindano kwa nyuzi 1. Anayesikia robo milimita ana masikio ambayo mimi sikuzaliwa nayo. Ila ukishainua, rudi ukapime uzito na kadi upya, maana vyote vimesogea kidogo.

Swali la mwisho la fundi ni: unacheza santuri gani? Katika Nairobi ya miaka ya 1970 muziki mwingi ulitoka kwenye santuri ndogo za 45, wimbo mmoja ukikatwa sehemu mbili, na magitaa ya chemko yakiachiwa upande wa pili. Kwa hiyo utamu wenyewe hukaa karibu na lebo, takriban milimita 54 kutoka katikati, mahali ambapo mfereji hupita polepole na kosa huuma zaidi. Mwendo wa 45 husaidia kiasi, lakini mkono uliopangwa kwa milimita 66 hufika pale umepinda nyuzi 2. Mwenye sanduku la benga na rumba afadhali aisogeze pointi ya ndani hadi milimita 60. Ya nje nayo itasogea hadi 127, kwa kuwa katika mkono huu zimefungana, na mwanzo wa santuri kubwa hautapata hasara. Kwenye reli ya SME, badiliko lote hilo ni kukisogeza kitako mbali na sahani kwa kiasi kisichofika milimita 1.