Maofisa Wanaoingia Darasani

Mwaka 1919, huko Springfield, Massachusetts, mwenye kiwanda cha karatasi Horace Moses, Theodore Vail wa kampuni ya simu ya AT&T na Seneta Murray Crane waliasisi shirika la Junior Achievement. Vijana walikutana baada ya masomo, wakatengeneza bidhaa na kuziuza, huku watu wazima wakiwaelekeza.

Mtindo huo ungali hai. Wanafunzi huanzisha kampuni ndogo, huchagua viongozi, huuza hisa kupata mtaji, kisha husaka wateja. Mwishowe huifunga, hulipa madeni na kuwagawia wenye hisa kilichobaki. Hasara nayo huandikwa daftarini.

Pongezi ziwaendee wanaojitolea kuwaelekeza: mhasibu, meneja wa benki, ofisa mauzo. Mwalimu hufundisha kanuni ya faida. Wao huleta habari za mteja asiyelipa, malighafi iliyopanda bei ghafla na mkopo ulionyimwa. Na hawadai posho.

Mwaka 1975 watu kama hao walianza kuingia madarasani saa za masomo, kupitia programu ya Project Business. Leo shirika hilo lipo Kenya pia, ambako wanafunzi wa sekondari huendesha kampuni zao na kutetea hesabu zao mbele ya wafanyabiashara wazoefu.